Anayedai kutibu presha kwa kunyoosha mgongo atuonyeshe ushahidi kwanza

Ukipanda matatu ya Karagita kwenda mjini Naivasha, keti nyuma ya dereva usome. Kuna karatasi imebandikwa pale kwa selotepu, pembe zake zimeshaanza kujikunja. Juu pana picha ya uti wa mgongo wenye doa jekundu. Chini yake maswali: Mgongo? Nyonga? Ganzi? Presha? Sukari? Pumu? Kukosa mtoto? Maswali saba, jibu moja: njoo tukunyooshe uti wa mgongo, bila dawa, bila kisu. Halafu nambari ya simu, nambari ya kulipia kwa M-Pesa, na neno "Daktari" lisilofuatwa na jina lolote.

Nimesoma karatasi za aina hiyo tangu nikiwa shule ya msingi. Nilizichukulia kama zile za mganga kutoka mbali anayerudisha mpenzi aliyetoroka: unacheka, unashuka, unaenda zako. Niliacha kucheka mwaka jana, anti yangu alipoiamini moja.

Anti anagredi waridi katika shamba moja la maua kando ya ziwa. Kazi yake ni kusimama. Anasimama asubuhi hadi jioni mbele ya meza, anapanga mashina kwa urefu, anatoa majani, anafunga. Wiki za kuelekea Valentine, wakati Ulaya nzima inataka mawaridi mekundu kwa siku moja, saa za kazi zinaongezeka na kuketi kunakuwa anasa. Mgongo ulianza kumuuma pale chini, maumivu yakashuka hadi pajani. Zahanati walimpa vidonge vya maumivu wakamwambia apumzike. Kwa mtu wa kibarua cha msimu, kupumzika ni neno la matajiri.

Basi akapiga ile nambari. Akaambiwa anahitaji kunyooshwa mara kumi na mbili, kila mara Sh1,500. Hiyo ni Sh18,000, zaidi ya anachopokea kwa mwezi, na nusu ililipwa kabla ya kuanza. Nitasema ukweli wote: mara mbili za kwanza alirudi akitabasamu. Mgongo ulilegea, usingizi ukapatikana. "Yule bwana ana mikono mizuri," alituambia. Lakini mara ya tatu yule bwana akampa somo. Presha yako, akamwambia, inatokana na mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Ukifunguka, presha inashuka yenyewe. Sasa vidonge ni vya nini? Si hata karatasi ilisema bila dawa?

Anti akaacha vidonge. Hakutuambia. Wiki tatu baadaye akaanza kuona ukungu akiwa kazini, kichwa kikimgonga kisogoni. Kituo cha afya walipompima, mashine ilisoma 190 kwa 112. Muuguzi hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Mama, vidonge uliacha lini?" kama mtu aliyezoea kuuliza swali hilo.

Kliniki hiyo siitaji hapa. Kama shida ingekuwa kliniki moja, ningeenda kugombana nao mwenyewe yaishe. Shida ni kwamba ile karatasi ilibandikwa mchana kweupe, ikasomwa na mamia ya watu, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa na kazi ya kuuliza: hii ni kweli?

Hoja yangu ni fupi. Sitaki wanaonyoosha migongo wafungiwe. Nataka kila anayetangaza kwamba anatibu ugonjwa fulani awe na ushahidi mkononi kabla tangazo halijabandikwa, na asiye nao alitoe. Yaani tusingoje mgonjwa azidiwe ndipo tuulize.

Kile kinachofanya kazi, na kile kisichofanya

Tuanze kwa haki. Hii kazi ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono ina jina lake, kairopraktiki, na katika nchi nyingi ni taaluma inayosomewa kwa miaka. Umeiona TikTok: mtu amelala kifudifudi, mwingine anambonyeza, mgongo unatoa mlio kama wa vidole vikialikwa, na maelfu ya watu wanaandika hapo chini kwamba hata wao wamesikia nafuu. Ule mlio, kwa taarifa yako, si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi ndani ya majimaji ya kiungo. Ndiyo maana unaweza kualisha vidole vyako asubuhi na jioni na bado viko palepale vilipokuwa.

Je, kunyooshwa kunasaidia? Kwa maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, ndiyo, kwa kiasi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo; maumivu ya sehemu hiyo kwa jumla, ya sugu na yasiyo sugu, yaliwapata watu takriban milioni 619 duniani mwaka 2020. Mwongozo huo unataja mazoezi, elimu kwa mgonjwa, na pia tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, miongoni mwa mambo yanayoweza kutolewa. Haukusema ni muujiza. Ni chaguo moja kati ya kadhaa, na wala halijathibitishwa kuyashinda mazoezi ambayo mtu anaweza kufundishwa na kuyafanya mwenyewe nyumbani bila kulipa kila wiki.

Mwongozo huohuo unashauri mikanda ya mgongo isitolewe kama tiba ya kawaida ya maumivu hayo. Ndiyo, ile mikanda myeusi inayouzwa sokoni na kandokando ya steji, ambayo nusu ya wanabodaboda tunaowajua wamewahi kuinunua.

Sasa toka mgongoni uende kwenye ile orodha nyingine: presha, sukari, pumu, kukosa mtoto. Hapo hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba kunyoosha uti wa mgongo kunatibu. Na kuna hatari ambayo karatasi haiitaji kamwe: kukunja shingo kwa nguvu na ghafla kunaweza, mara chache sana, kupasua mshipa wa damu unaopanda ubongoni na kuleta kiharusi. Mara chache, ndiyo. Lakini mtu anayeambiwa kwamba shingo yake ndiyo chanzo cha presha yake ana haki ya kujua hilo kabla hajalaza kichwa kwenye mikono ya mwingine.

Kwa hivyo ona hila ilipo. Tangazo linaanza na kitu chenye ukweli ndani yake, mgongo, kisha linakivutia nyuma behewa zima la magonjwa yasiyohusiana. Anti hakuwa mjinga. Alipimia la pili kwa la kwanza: mgongo umepata nafuu, basi na la presha litakuwa kweli.

Hila hii si ya Naivasha

Taaluma yenyewe ilizaliwa na dai la aina hiyohiyo. Septemba 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mtu aliyeitwa D.D. Palmer alimbonyeza uti wa mgongo Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi katika jengo alimokuwa na ofisi. Lillard alikuwa na tatizo la kusikia. Palmer akatangaza kwamba amemrudishia masikio yake. Kutoka hapo akajenga nadharia kwamba karibu kila ugonjwa chanzo chake ni pingili za uti zilizokaa vibaya. Mwaka 1906 alifungwa jela kwa kufanya kazi ya utabibu bila leseni.

Zaidi ya miaka mia baadaye, Uingereza ilipitia mvutano ambao tungepaswa kuujua. Aprili 2008 mwandishi wa sayansi Simon Singh aliandika katika gazeti la The Guardian akikosoa madai kwamba kunyoosha uti wa mgongo kunaweza kusaidia watoto wenye msokoto wa tumbo, maambukizi ya masikio na pumu. Chama cha wanakairopraktiki cha nchi hiyo hakikumletea utafiti wa kumnyamazisha. Kilimpeleka mahakamani, yeye binafsi, kwa kumchafulia jina. Kesi iliburutwa hadi Aprili 2010, Mahakama ya Rufaa ilipompa Singh ushindi katika hoja muhimu, na chama kikaiondoa kesi.

Lakini kilichonivutia zaidi kilitokea nje ya mahakama. Watu wa kawaida, wengi wao wakiwa na kompyuta tu na hasira, walianza kupitia tovuti za kliniki moja baada ya nyingine. Palipoandikwa "tunatibu pumu" wakaandika malalamishi. Malalamishi yakafika mamia. Chama kingine cha wahudumu hao kikawaandikia wanachama wake waondoe tovuti zao haraka. Madai yakaanza kufutwa kwa wingi, na kliniki hazikufungwa. Waliokuwa wakinyoosha migongo waliendelea kuinyoosha. Kilichoondoka ni maneno yasiyo na ushahidi.

Liliwezekana kwa sababu palikuwa na mahali pa kulalamika. Uingereza ina baraza la wanakairopraktiki, lililoundwa kwa sheria ya 1994, na huwezi kujiita jina hilo bila kusajiliwa. Ina pia mamlaka ya viwango vya matangazo. Kanuni ya mamlaka hiyo ni rahisi hata mtoto aielewe: lazima uwe na ushahidi wa dai lako kabla hujalitangaza. Na nyingine: tangazo lisimfanye mtu aache tiba muhimu ya ugonjwa unaohitaji daktari. Niliposoma hiyo ya pili nilimfikiria anti. Kanuni yenyewe ipo, imeandikwa, ila iko London.

Si lazima twende mbali hivyo. Afrika Kusini inasajili wanakairopraktiki kupitia baraza lake la taaluma shirikishi za afya, na wanasomea kazi hiyo vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Hapa jirani, Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002 na kuunda baraza lake. Sisemi kote huko mambo yamenyooka. Nasema ukiwa na lalamiko, kuna mlango wa kubisha.

Kwetu, aliyesoma ananyamaza na asiyesoma anapiga kelele

Kenya hatujakosa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike, na inaliagiza Bunge litunge sheria ya kulinda watumiaji na kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya staha. Bunge likatunga: Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kudai kwamba huduma ina manufaa isiyokuwa nayo, au kwamba anayeitoa ana hadhi asiyokuwa nayo. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inafanya madai ya uongo katika biashara kuwa kosa.

Upande wa afya, Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ipo tangu 2014. Madaktari wana baraza lao, KMPDC. Lakini kairopraktiki haina sheria yake. Inaangukia kwenye kapu la tiba mbadala. Sheria ya Afya ya 2017 ilisema chombo cha kusimamia tiba ya kienyeji na tiba mbadala kitaundwa kwa sheria ya Bunge. Mtu wa Karagita aliyedanganywa na karatasi ya matatu bado hajui ampigie nani wa chombo hicho.

Matokeo yake ni kichekesho kichungu. Daktari aliyesoma miaka sita na kulipia leseni kila mwaka anabanwa na kanuni za maadili za taaluma yake asijitangaze ovyo. Hatamkuta mtu matatuni akiahidi kuponya presha. Mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya umma hana bango, hana TikTok; ana foleni tu. Asiyesajiliwa popote, ambaye hakuna baraza linaloweza kumpokonya leseni kwa sababu hana ya kupokonywa, ndiye mwenye spika, bango na vijana wa kugawa karatasi. Sauti kubwa zaidi sokoni ni ya yule asiye na cha kupoteza. Halafu tunashangaa watu wanamsikia nani.

"Lakini mimi alinisaidia"

Najua mtakachoniambia, kwa sababu nimeshaambiwa nyumbani.

Wa kwanza atasema: mimi nilinyooshwa nikapona. Nakuamini. Ila maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Na watu huenda kutafuta msaada siku maumivu yamefika kilele, kumaanisha kwamba chochote utakachofanya siku hiyo, iwe kunyooshwa, kuchuliwa kwa mafuta au kulala, kesho kina nafasi nzuri ya kuonekana kimekuponya. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mkweli kama nabii, hautoshi. Australia ililiona hilo na sheria yake ikakataza huduma za afya kujitangaza kwa kutumia ushuhuda wa wagonjwa. Fikiria hilo lingefanya nini kwa redio na TikTok zetu.

Wa pili atasema: unataka kuua hustle ya mtu. Hapana. Mtu anaweza kuandika "tunanyoosha mgongo unaouma" na akajaza wateja. Mji huu una maelfu ya watu wanaoinama grinihausi, wanaosimama kugredi maua, wanaobeba mizigo na wanaoendesha bodaboda kwenye mashimo. Migongo inayouma haitaisha leo. Kama biashara yako haiwezi kuishi bila kuongeza neno "sukari" kwenye bango, basi hiyo hustle ilikuwa inamlisha nani, wewe au uongo?

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye hoja nzito, atasema: hospitali kuna foleni, dawa hazipo, wahudumu wamechoka, huyu wa karatasi anakupokea na kukusikiliza. Kweli kabisa. Anti aliniambia kwamba yule bwana ndiye mtu wa kwanza aliyemuuliza anafanya kazi gani. Wahudumu wetu wa afya walichukue hilo kama somo, si kama tusi. Lakini udhaifu wa hospitali ni sababu ya kumlinda mgonjwa zaidi. Mtu aliyekata tamaa ndiye rahisi kuuziwa chochote. Tuliona Loliondo mwaka 2011, watu kutoka kote Afrika Mashariki, Wakenya wakiwemo, wakipanga foleni ya kilomita na kilomita kijijini Samunge kwa kikombe kimoja cha shilingi 500 za Tanzania. Waliokwenda kule hawakuwa wajinga. Walikuwa wagonjwa.

Kaunti isijifanye haioni

Tunapenda kusema "serikali ifanye kitu" halafu hatusemi serikali ipi. Nitasema. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti usimamizi wa huduma za afya za kaunti, na pia udhibiti wa matangazo ya nje: mabango, mabamba na karatasi za barabarani. Yaani bango lililo kando ya barabara ya kuingia Naivasha liko chini ya Kaunti ya Nakuru. Kaunti hiyohiyo ndiyo inayotoa leseni za biashara.

Kwa hiyo isiniambie kwamba inasubiri Nairobi. Kuna mambo manne inayoweza kuanza nayo.

Kwanza, tangazo lolote la tiba lisipate kibali bila jina kamili la anayetibu, na nambari yake ya usajili kama ana baraza. Kama hana, tangazo liseme wazi kwamba hajasajiliwa na baraza lolote la afya. Neno "Daktari" pekee yake lisihesabike kuwa jina.

Pili, iwepo orodha ya magonjwa ambayo huruhusiwi kuyataja kwenye tangazo bila kuwasilisha ushahidi kwa idara ya afya ya kaunti: presha, kisukari, saratani, pumu, kifafa, utasa, na ugonjwa wowote wa mtoto mchanga. Idara ina madaktari. Kusoma dai la mistari mitano na kuuliza "utafiti uko wapi?" hakuhitaji bajeti mpya.

Tatu, maneno yoyote yanayomshawishi mtu aache dawa aliyoandikiwa yawe marufuku. Hapa pasiwe na mjadala.

Nne, anayebeba tangazo abebe na sehemu ya lawama. Mwenye bango, mwenye matatu, kituo cha redio, na ndiyo, yule influensa wenu mwenye wafuasi laki moja aliyenyooshwa bure ili aweke video. Kaunti haina uwezo juu ya redio wala TikTok. Huko Mamlaka ya Mawasiliano na Mamlaka ya Ushindani zina kazi ya kufanya. Lakini matatu na mabango ni yetu hapa, tuanze na hayo.

Wakati tunasubiri

Sheria zitachukua muda, na mgongo unauma leo. Kwa hivyo, kabla hujatuma pesa, uliza maswali matatu. Jina lako kamili ni nani na umesajiliwa na baraza gani? Ukiambiwa ni daktari, orodha ya KMPDC iko mtandaoni. Tafuta jina, ni dakika mbili. Ushahidi wa unachodai uko wapi, mbali na picha za wateja? Na nikilipia mara moja nione kwanza, je? Anayekulazimisha kulipia mara kumi na mbili siku ya kwanza anajua kitu ambacho wewe hujui: kwamba huenda ungepata nafuu mara ya tatu ukaacha kurudi.

Usiache vidonge vya presha au sukari kwa sababu ya mtu ambaye si aliyekuandikia. Kama unataka kuacha, rudi kwa aliyekupa mkaongee.

Kuna maumivu ya mgongo ambayo si ya kunyooshwa na mtu yeyote, ni ya kukimbilia hospitali: yakija pamoja na mguu kuishiwa nguvu, ganzi ya sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, homa, kukonda bila sababu, au yakianza baada ya ajali. Wanaboda, hiyo ya mwisho ni yenu. Ukigongwa, usipitie kwa mnyoosha mgongo kwanza.

Na kama tayari umedanganywa, usikae na aibu. Sheria ya 2012 inakuruhusu kuvunja makubaliano uliyoingia kwa sababu ya dai la uongo, mradi utoe notisi ndani ya mwaka mmoja, na kudai pesa zako. Weka ile karatasi, weka ujumbe wa M-Pesa, piga picha bango. Peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani. Waingereza wale hawakuwa na kitu kingine zaidi ya hicho: picha za madai, na watu wengi wasiochoka kuandika.

Anti alirudi kwenye vidonge vyake. Hospitalini alipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, dada mdogo kuliko mimi, aliyemfundisha mazoezi manne ambayo anayafanya kwenye mkeka kabla ya kwenda kazini. Alimshauri pia atafute kipande cha mpira mnene cha kusimamia pale mezani, na kila baada ya muda aweke mguu mmoja juu ya kreti iliyogeuzwa. Mgongo bado unamsumbua siku za maua mengi. Presha imeshuka. Zile Sh9,000 alizolipa mwanzoni hazijarudi, na nambari ile siku hizi haipokelewi.

Juzi nilipanda matatu kwenda mjini. Karatasi ya zamani imefunikwa na mpya, ya rangi ya kijani, picha ileile ya uti wa mgongo. Wameongeza ugonjwa mmoja: vidonda vya tumbo. Jina la daktari bado halipo. Niliipiga picha. Nawe ukiiona, ipige.